Samaki, tui na kiporo: vinakaa muda gani kwenye friji na friza

Samaki uliyemnunua Deep Sea, soko la samaki la Tanga, asubuhi ameanza kuharibika tangu alipotolewa majini, siyo tangu ulipomtia kwenye friji. Joto la Tanga mwezi wa Januari linapita nyuzi 30, na akishinda juani kwenye beseni, friji haiwezi kumrudishia ubichi wake. Nenda sokoni na ndoo yenye barafu. Ukifika nyumbani mpae magamba, mtoe matumbo na matamvua, kwani humo ndimo bakteria walimojaa, kisha muoshe, mkaushe na umfunge vizuri. Mweke rafu ya chini kabisa ili maji yake yasichuruzikie chakula kilichopikwa.

Friji ikiwa nyuzi 4 au chini ya hapo, samaki mbichi anakaa siku moja, mwisho mbili. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, changu na chewa wanafika miezi 6 hadi 8. Vibua na jodari usiwavushe miezi 3, maana mafuta yao huendelea kuchacha hata yakiwa kwenye barafu. Kwa hiyo anayeweka akiba wakati wa kaskazi ili ale kusi bahari ikichafuka, aweke changu. Vibua wa Machi ukija kuwatoa Julai watakuwa na harufu ya mafuta yaliyooza.

Jodari, vibua na nguru wana hatari nyingine. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na sumu hiyo haitoki kwa kukaanga wala kwa kugandisha. Mlaji huwaka uso, huumwa kichwa na kuwashwa mwili. Nyama ikikuchoma ulimi kama pilipili, iteme.

Kamba watoe vichwa, wapange kwenye chombo, wamwagie maji hadi wafunikwe, ndipo ugandishe. Barafu hiyo inazuia hewa isiwakaushe. Pweza ndiye anayefaidika na friza: barafu hukata nyuzi za nyama yake, akaiva laini.

Tui bichi ni siku moja au mbili kwenye friji. Likigandishwa hukaa miezi 2 hadi 3. Likiyeyuka litakatika, lakini halijaharibika, likoroge linapochemka.

Wali wa kiporo unahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mchele una bakteria ambao mbegu zao haziuawi na maji ya moto. Sufuria ikilala jikoni usiku kucha wanazaliana na kuacha sumu, na kuupasha wali asubuhi hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uuingize kwenye friji ndani ya saa moja, uumalize kesho yake. Michuzi na maharage yaliyoiva yanastahimili siku 3 hadi 4.

Nyama ya ng'ombe ya vipande ni siku 3 hadi 5 kwenye friji. Ya kusaga, na kuku, ni siku 1 hadi 2. Kwenye friza nyama ya kusaga inakaa miezi 3 hadi 4, vipande vya kuku miezi 9. Gandisha kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja na uandike tarehe. Kuyeyusha, hamishia kwenye friji usiku; usiache juu ya meza, kwa sababu nje kutapata joto huku ndani bado ni jiwe.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji inahimili muda wa saa 4, friza iliyojaa kabisa inahimili saa 48, na iliyojaa nusu yake inahimili saa 24. Nafasi tupu zijaze chupa za maji. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu yake. Ukirudi ukaikuta imezama chini, friza iliyeyuka ikaganda tena, hata kama kila kitu kinaonekana kigumu: samaki na nyama vyote vitupe.