Matone ya steroidi baada ya operesheni ya jicho: usiache njiani, usizidishe

Kama umetoka kutolewa mtoto wa jicho, iwe Muhimbili, CCBRT pale Msasani au hospitali nyingine yoyote hapa Dar, angalia vizuri mfuko wa dawa uliopewa, karibu kila mtu anapewa kichupa chenye steroidi. Kitakuwa kimeandikwa prednisolone au dexamethasone, na hiyo dexamethasone mara nyingi inachanganywa na antibayotiki humo humo. Kazi yake ni kutuliza uvimbe ndani ya jicho. Ni dawa nzuri sana ila haitaki mazoea.

Kuweka kwenyewe: nawa mikono kwa sabuni, tikisa kichupa (prednisolone nyingi ni ya maji mazito, dawa inatuama chini, usipotikisa unajiwekea maji tu), inamisha kichwa nyuma au lala kabisa, vuta kope ya chini taratibu ipate kamfuko, dondosha tone moja. Moja linatosha, jicho halibebi zaidi ya hapo, la pili linamwagika shavuni bure. Ncha ya kichupa isiguse jicho wala kope wala kidole. Afu fumba jicho bila kukaza, bonyeza kwa kidole ile kona ya upande wa pua kama dakika mbili, hapo kuna kijitundu kinachopeleka dawa puani na kooni, ndo maana wengine wanasikia uchungu mdomoni. Kama una matone mengine subiri dakika 5 kwanza, na dawa ya kupaka iwe ya mwisho. Mzee ambaye mikono inatetemeka awekewe na mtu, jamani, tusiwaachie wapambane peke yao.

Ukiambiwa mara 4 kwa siku, panga saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, weka alamu kwenye simu.

Sasa hapa ndo penye shida kubwa. Wengi wiki ya kwanza ikiisha wanaona vizuri, jicho halina wekundu, wanaacha dawa. Uvimbe wa ndani unaweza kurudi, na ukirudi unaweza kuwa mkali. Steroidi inashushwa kwa hatua, kwa mfano mara 4 wiki ya kwanza, mara 3 ya pili, mara 2 ya tatu, mara 1 ya nne, ila huo ni mfano tu, wewe fuata karatasi yako, usifuate ya jirani.

Upande wa pili kuna wanaoona dawa inawapa nafuu, basi kichupa kikiisha wanaenda famasi kununua kingine wenyewe. Hii inanitisha zaidi. Kwa baadhi ya watu steroidi inapandisha presha ya jicho, mara nyingi baada ya wiki mbili na kuendelea, na haiumi, hujui kitu, huku mshipa wa fahamu wa jicho unaharibika, na uoni ukipotea kwa njia hiyo haurudi. Inajulikana kwa kupimwa tu, kwa hiyo tarehe ya kliniki usiiruke hata kama unajiona mzima. Kama una glakoma (ugonjwa unaoharibu huo mshipa, mara nyingi kwa presha ya jicho), au mzazi au ndugu yako anayo, mwambie daktari mapema.

Andika tarehe uliyofungua kichupa, vingi vinatupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa hata kama kuna dawa imebaki. Usikiache kwenye gari au dirishani na hili joto letu. Na kilichobaki usimpe mtoto mwenye macho mekundu! Mnakumbuka Januari 2024 ‘red eyes’ ilivyosambaa Dar, watu wakawa wanajiwekea chochote, na kumbe kama wekundu umeletwa na kirusi cha hepesi (herpes) au fangasi, steroidi inauchochea na kioo cha jicho kinaweza kubaki na kovu.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu zaidi, likatoa usaha, uoni ukashuka ghafla, au ukaona mimweko ya mwanga au kama pazia linashuka, usisubiri kliniki ya Jumatatu wala usiongeze matone, panda bajaji saa hiyo hiyo nenda hospitali yenye daktari wa macho, na vichupa vyako vyote ubebe.