Somo: Kwa nini fomu yako ya Wicket inang'ang'ania data ya zamani

Swali hili linarudi kila mara kwa sura mpya: "nimebofya Futa, maandishi yamebaki", "nimechagua mteja mwingine, fomu inaonyesha yuleyule". Naandika mara moja, baada ya hapa natuma kiungo tu. Natumia Wicket (fremu ya Java ya kutengeneza programu za wavuti) toleo la 8 kwenda juu.

Kwanza ujue kwamba ukurasa wa Wicket ni objekti ya Java isiyokufa ombi likiisha. Seva inauhifadhi, mtumiaji akibofya unafufuliwa na komponenti zake zote (vipande vinavyouunda: fomu, lebo, vitufe). Konstrakta (msimbo unaoujenga mara ya kwanza) haiitwi tena.

1. Darasa la data liwe `Serializable`, ili liweze kuhifadhiwa pamoja na ukurasa.

2. Fomu ipewe `CompoundPropertyModel`. Hiyo ni modeli, yaani kiungo kati ya komponenti na data yake. Id ya kila sehemu ya kujaza ilingane na jina la sifa ya darasa la data.

3. Usiipe komponenti thamani, ipe modeli. `new Label("jina", mteja.getJina())` inasoma jina mara moja tu, basi. Andika `new Label("jina", modeli.map(Mteja::getJina))`.

4. Kinachotoka kwenye hifadhidata kikae ndani ya `LoadableDetachableModel` (modeli inayokisoma upya kila ombi), nawe ubebe id ya rekodi peke yake.

5. Maandishi ghafi. Hapa soma polepole.

Fomu ikitumwa, alichoandika mtumiaji hakiendi moja kwa moja kwenye modeli. Kila sehemu hukishika kwanza kama maandishi ghafi. Wicket huangalia kama sehemu ya lazima imejazwa, hugeuza maandishi kuwa aina inayotakiwa, kisha hupitisha vikaguzi. Sehemu zote zikipita ndipo modeli zinaandikwa na `onSubmit` inaitwa. Moja ikikwama, hakuna modeli hata moja inayoguswa, na maandishi ghafi yanabaki ili mtu asianze kujaza upya. Sasa, ukurasa unapochorwa, sehemu yenye maandishi ghafi huonyesha hayo, haiulizi modeli. Mtu ameandika "abc" kwenye umri, amekataliwa, kisha amebofya mteja mwingine kwenye orodha. Umebadilisha objekti ya fomu vizuri kabisa, na "abc" bado iko palepale.

Dawa:

`fomu.setModelObject(mtejaMpya);`
`fomu.clearInput();`

Tahadhari: `clearInput()` haigusi modeli. Ukitaka fomu tupu, weka na objekti mpya. Tahadhari kubwa zaidi: kitufe cha Futa kiwekee `setDefaultFormProcessing(false)`, la sivyo ukaguzi utakwama kabla msimbo wako haujafikiwa, na utakaa unatafuta kosa mahali ambapo halipo.

6. Kwa AJAX (kubadilisha kipande cha ukurasa bila kuupakia wote), fomu iwekee `setOutputMarkupId(true)`, kisha ndani ya msimbo wa tukio andika `target.add(fomu)` ili ichorwe upya.

MASWALI

Swali: Mkuu haifanyi kazi, naomba msaada haraka.
Jibu: Weka msimbo na ujumbe wa kosa.

Swali: Si natumia tu `type="reset"` ya HTML?
Jibu: Hiyo inarudisha kile seva ilichochora mara ya mwisho. Seva ikiwa imechora "abc", utarudishiwa "abc".

Swali: Nina `ListView` (komponenti inayorudia mstari kwa kila kitu kwenye orodha) ndani ya fomu. Mstari mmoja ukiwa na kosa, maandishi ya mistari yote yanapotea. Kwa hatua ya 5 nilitegemea yabaki.
Jibu: Swali zuri, na umesoma sawasawa. `ListView` kwa kawaida hutupa mistari yake na kuiumba upya kila inapochorwa. Maandishi ghafi yanaishi ndani ya zile sehemu, kwa hiyo yanatupwa nazo. Weka `setReuseItems(true)`. Baada ya hapo, ukibadilisha orodha yenyewe lazima uite `removeAll()` ili mistari ijengwe upya, na yale ambayo hayajafika kwenye modeli yatapotea. Ndiyo maana nikiongeza mstari nahakikisha kwanza iliyopo imeshapita ukaguzi.

Swali: Nimefuata zote, salio halibadiliki: `new Label("salio", akaunti.getSalio())`
Jibu: Hatua ya 3.
Swali: Nimeisoma.
Jibu: Isome tena, ukiwa umefungua huo mstari wako pembeni.

Swali: `DropDownChoice` yangu (orodha kunjuzi) mara mojamoja inahifadhi chaguo la jirani. Inahusiana na haya?
Jibu: Ni ndugu yake. Usipotaja id, chaguo hutambuliwa kwa nafasi yake kwenye orodha. Orodha ikisomwa upya na mtu ameongeza kitu katikati, nafasi ya 3 si yule wa mwanzo tena. Tumia `new ChoiceRenderer<>("jina", "id")`. Kosa hili ni baya kwa sababu halipigi kelele, linahifadhi data isiyo sahihi kimyakimya.

Swali: Na nenosiri kufutika kila fomu ikirudi na kosa?
Jibu: Hilo ni la makusudi. Ipo `setResetPassword(false)`, lakini nenosiri litakaa wazi ndani ya HTML, kwa hiyo mimi siigusi. Kingine: `PasswordTextField` ni ya lazima hata kama hukusema. Kwenye ukurasa wa kuhariri akaunti weka `setRequired(false)`, na `onSubmit` ikikuta null, acha nenosiri la zamani lilivyo.