Gawio la hisa: ukurasa mmoja wa daftari kabla ya kununua

Oktoba 2019 nilinunua hisa 1,000 za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, shilingi 28 kila moja. Hesabu niliipiga juu ya karatasi iliyofungiwa mandazi: mwaka ule walikuwa wametangaza gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, la shilingi 1.87 kwa hisa. Gawanya kwa 28, zidisha kwa 100, yaja asilimia 6.7 ya bei. Nikajiambia, basi, kila mwaka nitavuna 1,870 nami niko zangu kwenye cherehani. Gawio langu la kwanza lilipoingia M-Pesa, lilikuwa shilingi 1,330.

Kugawanya niligawanya sawa. Tatizo ni ile 1.87. Ndani yake mlikuwa na 1.25 ya kawaida na 0.62 ya gawio maalum, lile ambalo kampuni hulitoa ikiwa na fedha za ziada na haikuahidi kulirudia. Ningeshika 1.25 peke yake ningepata asilimia 4.5. Mwaka uliofuata gawio likawa 1.40, likakatwa kodi ya asilimia 5, ndiyo hiyo 1,330.

Tangu siku hiyo nina daftari la shule, lile la mistari, na kila kampuni ina ukurasa wake. Piga safu tano: mwaka wa fedha, gawio la kati (litolewalo kabla mwaka haujafungwa), gawio la mwisho (litolewalo baada ya kufungwa), gawio maalum, faida kwa kila hisa (faida ya kampuni ikigawanywa kwa idadi ya hisa zake). Takwimu zichukue kwenye matokeo ya mwaka ya kampuni yenyewe, usizichukue kwa mtu aliyezisikia. Mwaka uwe wa fedha, si wa kalenda. Wa Safaricom hufungwa 31 Machi.

Safu ya kati na ya mwisho usizichanganye. Mwaka wa fedha wa 2021 walilipa 0.45 ya kati, kisha 0.92 ya mwisho, jumla 1.37. Aliyeiona ile 0.92 tu akaizidisha mara mbili alijipatia 1.84 ya ndotoni.

Ukurasa wangu wa Safaricom hadi 2025 uko hivi, bila gawio maalum: 2019, 1.25. 2020, 1.40. 2021, 1.37. 2022, 1.39. Kisha 2023, 2024 na 2025, 1.20 kila mwaka. Lilishuka, halafu likaganda. Wakati huo kampuni ilikuwa ikimwaga mtaji Ethiopia, ilikoanza kutoa huduma Oktoba 2022.

Hapo ndipo penye mtego ulionasa wengi. Agosti 2021 hisa moja ilipita shilingi 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Chukua 1.37 kwa bei ya 40: asilimia 3.4. Chukua 1.20 kwa 15: asilimia 8. Gawio limepungua, asilimia imepanda zaidi ya mara mbili! Kilichoipandisha ni bei kuanguka. Kwa hiyo nikiona asilimia nono, kwanza nauliza bei ilikuwa wapi mwaka jana, na kwa nini imetoka huko.

Halafu ndiyo ile safu ya tano, ambayo mimi naiamini kuliko zote. Gawanya gawio kwa faida ya kila hisa. Mwaka wa 2022 faida ilikuwa 1.74, gawio 1.39, yaani walitoa senti 80 katika kila shilingi waliyopata. Wa 2019 faida ilikuwa 1.56 na jumla ya gawio 1.87. Walitoa kuliko walichovuna mwaka ule! Ningekuwa na daftari wakati ule, safu hii ingenishika mkono.

Tarehe ya kufunga rejista ya wanahisa, yaani siku kampuni inapoangalia nani ana hisa ili alipwe gawio, pia iandike pembeni. Ununuzi Soko la Hisa la Nairobi huchukua siku 3 za kazi kukamilika, kwa hiyo ukinunua siku yenyewe ya kufunga, gawio hilo ni la aliyekuuzia.

Jirani yangu mzee alinunua zake 2008 zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5, na 2025 alinijia akitamba kwamba yeye anapata asilimia 24. Ni kweli, 1.20 kwa 5 ni 24. Lakini ile 5 ni ya kwake. Mie nikienda kwa dalali wa hisa leo, nagawanya kwa bei ya leo.