Kabla ya kwenda kwenye chemchemi ya kando ya mto

Nairobi yenyewe imekaa juu ya mawe ya volkano. Chokaa utaikuta ukishuka upande wa Athi River, inakochimbwa kwa ajili ya saruji. Ukisikia kuna chemchemi ndogo kando ya mto huko, isiyo na bango wala jina kwenye ramani, ulizia kwanza shamba ni la nani. Ng'ambo ya mto wenyewe, Mbagathi, ni mbuga ya wanyama, na huko huvuki tu kwa sababu mto ni mwembamba. Ukikuta wachungaji wananywesha ng'ombe, wasalimu na usubiri zamu. Ndio watakaokujibu swali la maana kuliko yote: mvua ikinyesha, haya maji hubadilika rangi?

Swali hilo lina sababu. Mchanga huchuja maji polepole, lakini chokaa huliwa na maji hadi ikawa na nyufa na mapango, na maji hupita humo kama kwenye bomba. Uchafu wa choo cha shimo au zizi la juu unaweza kufika kwenye chemchemi upesi, na maji bado yakang'aa. Yakichafuka saa chache baada ya mvua, ujue yanatoka juu ya ardhi, si chini sana. Hayo usiyanywe bila kuyachemsha.

Kuchemsha nako kuna mpaka wake. Maji mengi ya chini ya ardhi Nairobi na viunga vyake yana floridi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye mawe, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Moto hauiondoi, wala klorini. Ukichemsha muda mrefu inazidi kukolea, kwa kuwa maji yanapungua. Kikombe kimoja hakitakudhuru. Wa kuhofiwa ni mtoto anayeyanywa kila siku wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga, maana madoa ya kahawia hayasuguliki. Kwa hiyo kabla ya kupeleka mitungi ya nyumbani, peleka chupa moja maabara. (Povu la sabuni likigoma, hiyo ni chokaa tu; utasumbuka kwenye kufua na birika litashika magamba.)

Machi hadi Mei, tazama mawingu ya Ngong na Kikuyu, si ya juu ya kichwa chako pekee: mto hujaa kwa mvua ya kwingine. Vaa viatu vinavyoshika mwamba. Ondoka kabla ya jioni, kwani viboko wapo mto huo. Maji ya kunywa siku hiyo, beba ya nyumbani.