Aksesi pointi haishiki kwenye swichi: anzia hapa

Wakuu, habari za kazi. Aksesi pointi (kile kifaa kinachorusha Wi-Fi) ikigoma kushika kwenye swichi (boksi la poti linalogawa mtandao), mafundi wengi wa huku kwetu wanakimbilia kuiriseti. Tuache hiyo tabia. Ukiriseti unafuta mipangilio ambayo huenda ilikuwa sawa, na kama shida ilikuwa kwenye waya, sasa una kazi mbili. Mipangilio iguswe mwisho.

Hatua ya 1: Ishushe chini
Ifungue darini, ilete mpaka ilipo swichi, ichomeke kwa kebo fupi ya kiwandani kwenye poti unayojua ni nzima. Ipe dakika chache iwake mpaka mwisho. Ikishika, aksesi pointi na poti hazina kosa, kamata kebo ya ukutani. Isiposhika, kebo iache kwanza. Kupanda ngazi kunachosha, najua, ila kipimo hiki kinakupunguzia nusu ya msako.

Hatua ya 2: Umeme
Taa haiwaki kabisa? Hakikisha swichi ni ya PoE, yaani inapeleka umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, na kwamba poti uliyochomeka ndiyo inayotoa umeme. Zipo swichi za poti nane ambazo nne tu ndizo zenye PoE.

Halafu soma kiwango. Poti ya 802.3af inatoa wati 15.4, ya 802.3at inatoa wati 30. Aksesi pointi nyingi za Wi-Fi 6 zinataka at. Ukiipa af, nyingine itawaka vizuri, kisha redio zikianza kazi inazima na kuanza upya, na mteja anaapa kwamba umemuuzia kitu kibovu.

Kuna na aksesi pointi za zamani za volti 24. Swichi inayofuata viwango hivyo hupima kwanza kama kifaa kilichochomekwa kinahitaji PoE. Isipopata ishara yake, haitoi kitu. Hizo zitumie injekta yake (kifaa kidogo kinachoingiza umeme kwenye kebo) iliyokuja kwenye boksi, basi.

Hatua ya 3: Kebo
Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Rudia vichwa vyote viwili kabla hujabishana na mtu. Mpangilio wa B (T568B), klipu ya konekta ikiwa upande wa chini: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Kabla ya kukrimpu (kubana kichwa kwa koleo), tazama kwa mbele ya konekta: nyaya zote nane zifike mwisho kabisa, na ganda la nje liingie ndani libanwe. Asubuhi ya Juni pale Makambako vidole vimekufa ganzi, ni rahisi waya mmoja kurudi nyuma bila wewe kujua.

Kisha chunguza kebo yenyewe. Madukani zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, na bei ndiyo inayowaponza watu. Chukua kipande, menya waya mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, kwa hiyo kwenye njia ndefu volti zinashuka na aksesi pointi inakosa nguvu. Testa ya taa itakuonyesha moja mpaka nane safi kabisa, kwa sababu yenyewe inapima kama waya umefika, haipimi kama umeme wa kutosha unafika.

Hatua ya 4: Anwani
Taa za poti zinawaka, umeme upo, lakini kifaa hakionekani. Chukua namba ya MAC (utambulisho wa kifaa) nyuma ya aksesi pointi, itafute kwenye orodha ya DHCP ya ruta, yaani ya anwani inazogawa. Isipokuwepo, chomeka laptopu kwenye poti ileile. Ikipata anwani inayoanza na 169.254, basi DHCP haifiki hapo: ama poti imewekwa VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile), ama anwani zimeisha. Kwenye poti inayobeba VLAN kadhaa, ile ya usimamizi kwa kawaida ipite bila tagi (alama ya namba ya VLAN), maana aksesi pointi mpya haijui tagi yoyote.

MASWALI

Mwanachama, Tukuyu: Mwalimu, yangu iko nje kwenye nguzo. Mvua ikinyesha inakata, jua likiwaka inarudi.
Jibu: Kwa mvua za Rungwe, ndugu yangu, mtuhumiwa wa kwanza ni maji kwenye konekta. Fungua, ukiona ukijani kwenye vile vipini vya shaba, kata kichwa ukrimpu kipya. Kebo iache ining'inie kidogo chini ya kifaa ndipo ipande, maji yadondoke pale pale yasifuate waya mpaka ndani. Na weka kinga ya radi yenye ethi. Bila ethi ni mapambo.

Mwanachama, Njombe: Nina swichi yenye bajeti ya PoE ya wati 60 kwa poti zote. Aksesi pointi tano ziko sawa, nikiongeza ya sita mojawapo inazima.
Jibu: Kaka, piga hesabu. Kila moja ikila wati 12, tano zimemaliza 60 zote. Swichi inakata poti yenye kipaumbele cha chini. Ya sita iwekee injekta, hutahitaji kununua swichi nyingine.

Mwanachama, Mafinga: Kutoka ofisini hadi bwenini ni mita 130. Nimeunga kebo mbili kwa kiungio cha katikati, haishiki.
Jibu: Kiungio hakirefushi chochote, mwisho bado ni mita 100 kwa jumla. Weka swichi katikati kama kuna sehemu yenye umeme. Mimi ningevuta faiba: umbali huo kwake ni mdogo, na radi haipiti kwenye kioo kwenda kuunguza swichi ya ofisini.

Mwanachama, Uyole: Inashika, lakini swichi inaonyesha Mbps 100 badala ya 1000.
Jibu: Dada, angalia bluu na kahawia. Mbps 100 inatumia jozi mbili tu, chungwa na kijani. Gigabiti inataka zote nne. Krimpu upya upande wa darini kwanza.