Machicha ya nazi yasinuke: yaozeshe kwa samadi ya punda

Wapikao mafuta ya nazi hapa Lamu wanaijua harufu ya machicha ya siku ya tatu. Kosa si la machicha. Bakteria na kuvu hutoa kimeng'enya kiitwacho lipasi, kinachokata mafuta kuwa gliseroli na asidi za mafuta, kisha hula vyote. Ila wale wenye kasi wanataka hewa, na machicha yaliyolowa mafuta hushikana, hewa haipiti.

Kwanza kamua tena. Kiganja kikibaki kinang'aa, bado.

Halafu changanya. Ndoo moja ya machicha, mbili za makavu (majani, makumbi yaliyokatwakatwa), nusu ndoo ya samadi ya punda. Samadi ndiyo mbegu ya vijidudu, na kwetu hainunuliwi, ni kuinama tu. Mimi niliwahi kumwaga masalio ya sufuria nzima kwa mara moja. Rundo likapoa, likanuka hadi jirani akabisha hodi. Tia kidogo kidogo.

Nyunyiza maji ya mvua au ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Finya konzi: yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike.

Lundika kivulini, mita moja kila upande, uchomeke nondo katikati. Siku chache baadaye ichomoe. Ikikuunguza kiganja, joto limefika nyuzi 50 hivi au zaidi, wafanyakazi wako wako kazini. Geuza kila siku ya nne. Miezi miwili mitatu, unapata mbolea nyeusi.

Swali, Shela: Mwalimu, nitie hamira ya mandazi iharakishe?
Jibu: Hamira hupenda sukari, mafuta haiyawezi. Pika mandazi, dada.

Swali, Mpeketoni: Na mashudu ya simsim?
Jibu: Mazima wape ng'ombe. Yaliyoota ukungu usimpe mnyama, yaweza kuwa na sumu. Hayo tia rundoni. Yana naitrojeni nyingi, basi zidisha makavu. Ukisikia harufu kama ya mkojo, umezidisha mashudu.

Swali, Langoni: Maji niliyooshea sufuria je? Huwa nayamwaga mtaroni.
Jibu: Mtaro wako unaishia baharini, kaka. Yaache yatulie usiku kucha, engua mafuta ya juu, yaliyobaki nyunyizia rundo badala ya maji safi. Yenye sabuni nyingi usitie.

Swali, Langoni tena: Samadi ya njiani ina mchanga.
Jibu: Mchanga si neno. Toa vifuniko vya soda na plastiki.