Somo: Namna ya kuandika riwaya ya kumsaka mtega mabomu

Wengi mmeniletea sura za mwanzo za riwaya zenu za upelelezi, na karibu zote zinaanza vivyo hivyo: bomu linalipuka, vioo vinatawanyika, mpelelezi anapigiwa simu usiku wa manane. Ikifika sura ya nne hadithi inakata pumzi, maana mwandishi hana cha kuongeza ila bomu jingine kubwa zaidi. Leo tutajifunza kwa kesi ya kweli, ya George Metesky, aliyetega mabomu jijini New York kati ya 1940 na 1956. Naipenda kesi hii kwa kufundishia kwa sababu polisi wa jiji zima walimtafuta mtu huyu miaka na miaka, na aliyekuja kumpata ni karani wa kike aliyekuwa akipekua majalada ya zamani.

Hatua ya 1: Andika dai kabla ya bomu

Tarehe 5 Septemba 1931 Metesky alikuwa kazini kwenye mtambo wa umeme wa Hell Gate. Boila ikatema gesi ya moto, ikamwangusha, na hewa ile ikamwingia mapafuni. Akaugua nimonia, kisha kifua kikuu. Alilipwa fedha za ugonjwa kwa wiki 26, halafu kazi ikaisha. Alipodai fidia akaambiwa amechelewa kuwasilisha madai. Akakata rufaa mara tatu, na ya mwisho ikagonga mwamba mwaka 1936. Mwajiri wake alikuwa amekuwa sehemu ya kampuni kubwa ya umeme ya Consolidated Edison, na chuki yake yote ikahamia kwenye jina hilo.

Kwa hiyo, kabla hujaandika sura ya kwanza, tengeneza jalada la mtu wako. Alidai nini? Kwa nani? Alijibiwa lini, na nani aliyetia saini? Iandike kabisa barua ya kukataliwa, yenye kumbukumbu namba, muhuri na ile sentensi ya "tunasikitika kukujulisha". Msomaji huenda asiione barua hiyo hata mara moja, lakini wewe utakuwa unajua mtu wako anazungumza kwa maneno gani, na maneno hayo ndiyo yatakayomkamatisha baadaye.

Kuna mtego hapa. Ukimpenda sana mwenye dai, utawasahau aliowaumiza. Februari 1956, katika stesheni ya treni ya Pennsylvania jijini New York, mhudumu wa choo mwenye umri wa miaka 74 aliambiwa kuna bakuli la choo limeziba. Akaenda kulizibua kama ilivyokuwa kazi yake, bomu likamlipukia. Mzee yule hakuwahi kumnyima Metesky hata senti. Weka mtu kama huyo katika riwaya yako, mpe asubuhi yake, mpe kazi yake, ndipo umuumize. Msomaji akishawabeba wote wawili moyoni, huhitaji kumpigia kelele.

Hatua ya 2: Panga kalenda, na usiogope ukimya

Bomu la kwanza, tarehe 16 Novemba 1940, liliachwa kwenye dirisha la jengo la kampuni, pamoja na karatasi ya kuwaita wenye kampuni matapeli. Halikulipuka. La pili liliokotwa barabarani mwaka 1941, nalo halikulipuka. Marekani ilipoingia vitani, aliwaandikia polisi kwamba kwa uzalendo wake hatatega tena hadi vita viishe, akasaini F.P. Kisha mabomu yakanyamaza, mpaka 29 Machi 1951, bomu lilipolipuka kwenye stesheni ya treni ya Grand Central.

Miaka ile tisa na ushee ni mali kwa mwandishi. Mpelelezi kijana wa 1941 sasa ana mvi. Jalada limehamishwa chumba. Aliyekuwa anakumbuka ile saini amestaafu. Usiiruke kwa "miaka ikapita". Tumia sura nzima kuonyesha kesi inavyosahaulika.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kawaida

Alitega kwenye vibanda vya simu, makabati ya kuhifadhia mizigo, vyoo vya stesheni, maktaba ya umma na viti vya sinema alivyovichana kitambaa. Tarehe 2 Desemba 1956, katika ukumbi wa sinema wa Paramount, Brooklyn, watu kama 1,500 walikuwa wamekaa wakitazama filamu. Sita walijeruhiwa. Hofu inakuja pale msomaji anapokumbuka kwamba naye hukaa kwenye viti kama vile.

Hatua ya 4: Usifundishe bomu

Hapa sitabishana na mtu. Hakuna msomaji anayehitaji kujua vifaa na namna ya kuviunganisha. "Kifurushi kizito kuliko kilivyoonekana" kinatosha. Nguvu iweke kwenye mkono wa anayekiokota.

Hatua ya 5: Gawanya akili ya upelelezi

Kosa la kawaida ni mpelelezi mmoja anayejua kila kitu. New York alikuwapo Kapteni Howard Finney wa maabara ya polisi, ambaye baada ya miaka ya kukwama alimwendea daktari wa akili, James Brussel. Brussel akayapitia maandishi na picha, akamchora mtu asiyemjua. Muhtasari uliochapwa magazetini tarehe 25 Desemba 1956 ulisema ni mwanamume asiye na mke, fundi hodari, nadhifu wa vifaa, mwenye kinyongo kinachozidi kukua, na kwamba anafanya au aliwahi kufanya kazi Consolidated Edison. Ulisema pia ana miaka kati ya 40 na 50, kumbe alikuwa na 53. Mtaalamu wa riwaya yako naye apatie mengi na akosee machache. Akipatia yote, umeandika mganga.

Siku iliyofuata gazeti la Journal-American likachapa barua ya wazi kumtaka ajisalimishe. Akajibu. Gazeti likamwandikia tena, naye akajibu tena, na kila barua ikatoa kipande kidogo cha maumivu yake: aliumia kazini, alinyimwa fidia. Huku nyuma Alice Kelly, karani wa kampuni, alikuwa akipekua majalada ya fidia ya wafanyakazi wa zamani. Ijumaa tarehe 18 Januari 1957 akafika kwenye la Metesky, akayaona maneno yaleyale aliyoyasoma gazetini, dhuluma na ulemavu wa kudumu.

Hii ndiyo sura ya kilele, na nawasihi msiiharakishe. Nimejaribu kuiandika nikiihamishia kwenye masjala ya shirika fulani huku kwetu:

"Jalada lilikuwa la kahawia, kamba yake imelegea. Folio ya kumi na mbili ilikuwa barua ya mkono. Alisoma mistari mitatu, akasimama, akaenda kufunga mlango ambao kila mtu huuacha wazi. Aliporudi hakuketi. Alivuta gazeti la juzi kutoka chini ya kikombe, akaliweka kando ya barua, akasoma moja kisha nyingine, kidole kikifuata neno kwa neno."

Hakuna bunduki wala kukimbizana. Lakini msomaji anataka kumshika mkono asikimwage kile kikombe cha chai juu ya ile barua.

Hatua ya 6: Mlangoni

Usiku wa tarehe 21 Januari wapelelezi waligonga mlango Waterbury, Connecticut, alikokuwa akiishi na dada zake wawili. Akatoka na nguo za kulalia, mpole. Wakamwomba aandike, wautazame mwandiko wake. Walipomuuliza F.P. ni nini, akajibu kwamba ni "Fair Play", yaani kutendeana haki. Kisha akapanda kwenda kuvaa, akarudi na suti, vifungo vimefungwa. Baada ya kurasa mia tatu za hofu, mpe msomaji utulivu wa namna hii.

Maswali ya wanachama

Swali (Morogoro): Mwalimu, shikamoo. Mhalifu nimfiche mpaka mwisho au nimwonyeshe mapema?

Jibu: Marahaba. Ukimficha, msomaji anauliza "ni nani?" tu. Ukimwonyesha mapema, anauliza "watamfikia kabla ya Jumapili?" Kwa mtega mabomu mimi nachagua la pili, kwa sababu saa inakimbia na msomaji anajua kitu ambacho polisi hawakijui. Jina lake unaweza kulichelewesha.

Swali (Mombasa): Assalamu alaikum mwalimu. Mimi nasambaza riwaya kwa vipande kwenye WhatsApp. Kila kipande nikate wapi?

Jibu: Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Usikate kwenye mlipuko kila mara, watazoea. Kata mtu anapogundua kitu na kabla hajamwambia mwenzake. Karani akishafunga ule mlango, hapo simama.

Swali (Nairobi): Naweza kuileta hadithi hii Nairobi au Dar?

Jibu: Unaweza, lakini kumbuka unawaandikia watu wenye kovu. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani katika miji hiyo miwili zililipuliwa siku moja, na zaidi ya watu 200 walikufa, wengi mno wakiwa wa Nairobi. Ule ulikuwa mtandao wenye siasa zake, si mtu mmoja mwenye kinyongo cha kazini, kwa hiyo usichanganye habari hizi mbili. Na ukiandika majeruhi, kumbuka kuna msomaji atakayesoma ukurasa huo akiwa na jeraha lake mwenyewe.

Swali (Mwanza): Kaka, mwishoni lazima auawe? Wasomaji wangu wanataka alipe.

Jibu: Kwa Metesky haikuwa hivyo. Mabomu yake yasiyopungua 33, ambayo 22 yalilipuka, yalijeruhi watu 15 na hayakuua. Mahakama ilimwona hana akili timamu, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Matteawan, akaachiwa Desemba 1973 na kurudi kwao Waterbury. Alikufa 1994 akiwa na miaka 90. Kama wasomaji wako wanataka alipe, mlete mzee wa stesheni kwenye kiti cha shahidi, umwache aseme mwenyewe alichopoteza.